Injini Iliyopakwa Deheni

Niliondoka Unguja kwa sababu ya gasketi mbili zilizorudishwa. Gasketi ni kile kibati chembamba kinacholazwa baina ya mwili wa injini na kichwa chake, ili moto wa silinda na maji ya kupoza visikutane. Duka letu la vipuri, pale Darajani, lilikuwa limempelekea ya kwanza dereva mmoja wa Kiuyu, kaskazini ya Pemba. Ikarudi. Tukampelekea ya pili, nayo ikarudi, imezongwa kwa kipande cha jamvi na ujumbe mfupi: "Hii nayo si yake. Tafadhalini, angalieni vizuri."

Tulikuwa tumeangalia vizuri. Kila mara dereva huyo, Shaame, alitunakilia herufi na namba zilizo kwenye kibati cha jina juu ya injini yake, na sisi tulizifuata katika kitabu cha kiwanda. Kitabu kilisema ni injini ya dizeli ya silinda nne, ya aina iliyotengenezwa kabla ya vita. Gasketi tulizopeleka zilikuwa za aina hiyo hiyo.

Tajiri wangu aliiweka ile ya pili juu ya meza akaitazama kama mtu aliyeletewa samaki asiyemjua.

"Injini haiwezi kuikataa gasketi yake mwenyewe mara mbili," alisema. "Ama huyu bwana hajui kusoma, ama injini haijui jina lake. Nenda kaitazame."

"Na nikishindwa kuitambua?"

"Basi utakuwa umeiona Pemba."

Tulimpelekea Shaame simu ya maandishi kwamba naja, nami nikapanda meli ya serikali jioni. Mkobani nilitia spana, kitabu cha vipuri, brashi ya waya na gasketi zote mbili, nipate kuzilinganisha na injini yenyewe. Ya kwanza ilikuwa bado nzima. Ya pili ilikuwa imepindika pembeni kwa safari zake za kwenda na kurudi, haiuziki tena. Sitaha ilijaa watu waliokuwa wakienda kuchuma karafuu, na mazungumzo yote yalikuwa ya mvua, matumba na mashamba. Nililala nimeegemea gunia la mchele la mtu nisiyemjua.

Mkoani tulifika asubuhi, na mashua zikatutoa melini hadi pwani. Mchukuzi aliyeupokea mkoba wangu aliniambia, hata salamu hazijaisha, "Wa Unguja weye." Kisha akaupimapima mzigo kwa mkono. "Mna nini humu, mawe?"

"Spana."

"Alaa, fundi! Basi mpitie Shaame wa Kiuyu, gari lake li taabani."

"Ndiko ninakokwenda."

Aliutua mkoba chini akawageukia wenzake. "Jamani, kaja daktari wa lile gari linalonuka nyama!"

Wote walicheka. Nilidhani ni mzaha wa bandarini wa kumpokelea mgeni, nikacheka nao. Lakini nilishangaa kwamba habari ya gari moja bovu la Kiuyu ilikuwa imefika hadi ncha ya pili ya kisiwa.

Kutoka Mkoani kwenda Chake Chake barabara haijui kwenda sawa. Inapanda kilima, inapinda, inateremka bondeni kwenye mpunga, inapanda tena. Mikarafuu ilisimama pande zote mbili, na ile iliyopata jua la kutosha matumba yake yalishaanza kuingia wekundu. Jirani yangu kwenye ubao wa gari la abiria, mama mmoja aliyepakata kuku, aliniambia uchumaji hauko mbali tena. Watu wa kaskazini na mashariki, ambako ardhi ni mawe na mkarafuu hauoti, huhama na mikeka na vyungu vyao wakaenda kupiga dago, yaani kambi, katika mashamba ya magharibi mpaka msimu uishe. Nikamwuliza watu wa Kiuyu huenda kwa gari gani.

"Kwa la Shaame," alisema. "Mwaka huu sijui. Labda kwa miguu, na vyungu kichwani."

Wete nilifika mchana, na kwa kuwa gari la Konde lilikuwa halijajaa, nilikwenda kumtafuta fundi ambaye Shaame alituandikia kuwa ndiye aliyeifungua injini yake mara ya mwisho. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu ikionekana. Alitoka akajifuta mikono, mtu mchangamfu asiye na kificho.

"Ilikuwa inavuja maji," alinieleza. "Nikaifungua. Bwana, injini chafu sijaona kama ile! Ndani, mahali pa gasketi, mlikuwa na kipande cha bati tu kimekatwa kwa mkasi. Nikamwambia Shaame, hii takataka, agiza kitu cha kiwanda."

"Hilo bati ukalifanya nini?"

"Nilimwachia palepale chini. Tangu hapo injini haikuwaka tena. Na hata ikiwaka, ile ni injini ya kabla ya vita. Marehemu baba yake alikuwa akijisifu kwamba lori lake ni la baada ya vita. Masikini, aliuziwa kikongwe akaambiwa kijana!"

Vijana waliokuwa wakipakia lori walicheka, na nikafahamu kwamba mzaha huo ulikuwa mzee kuliko ule wa Mkoani. Moyoni nilikubaliana na fundi. Mtu akitia bati la mkasi ndani ya injini ya dizeli, asistaajabu ikivuja.

Konde ndiko gari lilikoishia, na hapo ndipo nilipomwona Shaame kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mrefu, wa makamo, amekaa juu ya gari la ng'ombe la kuazima, kamba mkononi.

"Karibu Bwana Salim," alisema. "Usinicheke. Mwenye basi nimekuja kukupokea na ng'ombe."

"Sijacheka."

"Cheka tu, yakhe. Kila niliyempita njiani keshacheka."

Njiani alinieleza jambo lake, bila kulipamba. Kuna mtu wa Wete mwenye kinu cha mafuta ya nazi ambaye aliitaka ile injini kwa kukivutia kinu chake. Angeifungua, akatumia kinachofaa na kingine kukitupa. Shaame alikuwa amemkatalia muda mrefu, lakini gasketi ya pili iliposhindwa, alimwambia aje Ijumaa baada ya sala. Gari lisilo na injini ni mbao tu, na mbao zake angeziuza kwa mafundi wa vyombo vya baharini. Yeye mwenyewe angekwenda kuendesha lori la mtu mwingine.

"Nimemwambia hivi," alisema. "Ukija wewe ukaweza kuniambia hii ni injini gani, nitangoja kipuri chake hata kama kitatoka Ulaya. Ukishindwa, aichukue. Siwezi kuendelea kuuguza kitu nisichokijua jina."

Kiuyu tulifika jua likianza kulala. Ardhi huko ni ya mawe ya matumbawe, na nyumba zimekaa kati ya mashamba madogo ya muhogo na mtama. Mama yake Shaame, Bi Mize, alitupokea uwanjani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa.

"Huyu ndiye wa gasketi?" alimwuliza mwanawe. Kisha akanigeukia. "Karibu mwanangu. Umekonda. Huko Unguja hamli?"

Nilikula muhogo wa nazi na pweza mpaka nikashindwa kujibu maswali. Uwanjani, pembeni ya jiko, palikuwa na tundu la kuku la miti, na mlango wake ulipigiliwa bati lililogeuka kijani, lenye matundu makubwa ya duara yaliyojipanga safu moja. Kuku wake walikuwa wametoa vichwa nje, kila mmoja na tundu lake, kama abiria madirishani. Nilimwonyesha Shaame, tukacheka, nikasahau.

Asubuhi iliyofuata nilipelekwa kuliona gari. Lilikuwa ndani ya banda la makuti, na mbele yake limeandikwa kwa rangi: HAINA NENO. Nimeona magari mengi ya shamba Unguja, lakini hili lilikuwa na mwili wa aina yake. Mbao zake zilipindwa na kuunganishwa kama ubavu wa jahazi, na maungio yamezibwa kwa pamba, kama mafundi wa vyombo wanavyofanya kalafati. Aliyeliunda, Mzee Khatib, alikuwa amekaa juu ya kigogo akitungoja. Alikuwa rafiki wa marehemu Faki, baba yake Shaame, na maisha yake yote ameunda vyombo vya baharini.

Nilifungua boneti, na hapo nikajua kwa nini gari linanuka nyama. Injini yote, isipokuwa kifuniko cha juu chenye kibati cha jina, ilikuwa imefunikwa kwa ganda la rangi ya majivu, nene kama ukoko wa wali.

"Hii nini?"

"Deheni," alisema Mzee Khatib, kama mtu aliyeulizwa jina la jua.

Deheni ni shahamu ya ng'ombe iliyopondwa na chokaa. Chombo kikipandishwa pwani, tumbo lake hupakwa hiyo ili maji na wadudu wasiingie mbaoni. Sikuwahi kuiona juu ya injini.

"Mzee wangu, aliyesema ipakwe humu nani?"

"Upepo wa chumvi hula chuma kama mchwa," alijibu. "Kila mwaka, kabla ya masika, nikipaka vyombo naipaka na hii. Marehemu aliniletea shahamu mwenyewe. Utazame huo ubavu, una kutu?"

"Sijui, siuoni!"

Shaame aliinamisha kichwa akicheka. "Likipata moto, Bwana Salim, abiria hudhani nimebeba mishikaki."

Kitabu changu kilionyesha kwamba kiwanda hupiga namba yake pia ubavuni mwa bloki, yaani ule mwili mzito wa chini wenye silinda, karibu na pampu ya dizeli. Hakuna aliyewahi kuisoma namba hiyo Kiuyu kwa sababu ilikuwa chini ya ukoko. Nikatoa brashi ya waya. Mzee Khatib akaniwekea mkono kifuani.

"Utaikwaruza. Chombo hakisuguliwi kwa waya. Huchomwa. Nipe makuti makavu niipitishie moto mara moja tu, ukoko wote utateremka."

"Mzee, humu mna dizeli!"

"Kidogo tu."

"Ami," Shaame alimwambia kwa upole, "gari lenyewe la mbao. Tukilichoma, yule bwana wa kinu hatakuwa na la kuja kuchukua."

Mwishowe tulipatana kwa maji ya moto na kifuu cha nazi. Bi Mize alileta maji, na Mzee Khatib akakwangua mwenyewe, polepole, akinikataza nisiguse. Ukoko ulitoka kwa matabaka, na mzee akawa anayasoma kama mtu anayekunjua nguo za sandukuni moja moja. Hili la chokaa ya chenga, mwaka tanuri lilipokosa kuni. Hili jembamba, mwaka ng'ombe walipokuwa ghali. Kisha likatokea tabaka jeusi kama sizi.

"Hapa iliungua," alisema. "Mwaka ule ilichemka njiani kutoka Mtambwe, na watu wa dago wamejaa ndani. Tulidhani imekufa. Faki alikaa nayo siku nyingi humu bandani, kisha akanijia akaniambia imepona."

Aliendelea kukwangua. Chini ya lile jeusi, kwenye bloki, kulikuwa na matabaka mengine tena, meupe na safi. Nami, kwa tabia tu ya kupenda kulinganisha, nikamwomba akwangue na ubavu wa hedi, kile kichwa cha chuma kilichokaa juu ya bloki. Akakwangua. Matabaka yakatoka yale yale, jembamba, chenga, mpaka mahali pa lile jeusi. Lakini jeusi lenyewe halikuwapo, na chini yake hapakuwa na kitu. Kifuu kiligonga chuma.

Mzee Khatib alisimamisha mkono. Akatazama bloki, akatazama hedi.

"Hiki kichwa hakikuwapo ilipoungua," alisema.

"Kilikuja baadaye," nilisema.

Nikaifuta namba ya bloki kwa kitambaa. Chini ya shahamu ile yote ilikuwa haina hata doa la kutu, kila herufi wazi kama ilivyotoka kiwandani. Nilifungua kitabu, nikazipitia kurasa kwa kidole, kisha nikazipitia tena kwa sababu sikutaka kukosea mbele ya watu wale. Bloki ilikuwa ya aina iliyofuata, iliyoanza kutengenezwa baada ya vita. Hedi na kifuniko chake, pamoja na kile kibati cha jina tulichokuwa tukikitegemea siku zote Darajani, vilikuwa vya aina ya kabla ya vita. Tulikuwa tunamtambua mtu kwa kofia ya kuazima.

Bi Mize alikuwa amesimama na birika tupu mkononi. "Nieleze kwa Kiswahili," alisema.

"Mwili wa injini ni wa baada ya vita, mama. Kichwa ni cha zamani zaidi. Kichwa chake mwenyewe nadhani kilipasuka siku ile ilipochemka, na marehemu akapata kingine kwenye lori lililokufa mahali fulani."

"Kwa hiyo alipolinunua hakudanganywa."

"Hakudanganywa."

Aliliweka birika chini. Minazi yake ya urithi ndiyo iliyokwenda katika gari lile, nilikuja kuambiwa na Shaame, na kwa muda wote huo watu walikuwa wakimcheka mumewe barazani naye anasikia. Alikwenda jikoni, na baadaye tukamsikia akimwambia jirani juu ya ua, kwa ile sauti yake kubwa, kwamba fundi kutoka Unguja ameisoma injini kwa kitabu na ni ya baada ya vita, na atakaye aje asome.

Alasiri ile tuliinyanyua hedi. Furaha yangu ilipungua papo hapo. Viwanda hubadilisha vitu vidogo bila kumwuliza mtu. Silinda za aina mbili hizi zilikuwa sawa, na matundu ya bolti sawa, ndiyo maana kichwa kilikubali kukaa. Lakini njia za maji zilikuwa zimehamishwa. Mbili za bloki hazikuwa na za kulingana nazo juu, na mtu alikuwa amezijaza risasi, ile ile ambayo wavuvi huifanya chubwi, vile vizito vya nyavu, ikasuguliwa ikawa laini kama kioo.

"Hiyo kazi yangu," alisema Mzee Khatib. "Faki aliniambia nizibe matundu mawili, sikumwuliza ya nini. Mengine alifanya mwenyewe."

Niliweka gasketi ya aina ya zamani juu ya bloki, ikaziba njia ya maji iliyotakiwa kuwa wazi na kuacha wazi mahali pengine. Ya aina mpya ingekosea kwa upande wa pili. Shaame alikuwa akinitazama usoni.

"Umeshaijua ni injini gani?"

"Nimeijua."

"Na gasketi yake inapatikana wapi?"

Ilinibidi nimwambie kweli. "Haipatikani. Hakuna kiwanda kilichotengeneza injini hii. Waliitengeneza baba yako na Mzee Khatib."

Alitikisa kichwa taratibu. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Nilikaa barazani na karatasi kubwa, nikaanza kuchora gasketi ambayo ingeifaa: matundu manne ya silinda, ya bolti pembezoni, na njia za maji pale tu ambapo hedi na bloki zilikubaliana. Nia yangu ilikuwa niipeleke Unguja, nitafute fundi wa kuikata, na huku nimwombe yule bwana wa kinu asubiri. Sikuwa na matumaini kwamba angesubiri. Bi Mize alipita na ungo wa mtama, akasimama nyuma ya bega langu.

"Mbona unachora mlango wa kuku wangu?"

Niliitua kalamu. Nikageuka kulitazama tundu. Kuku mmoja alikuwa ametoa kichwa katika duara la mwisho, ananitazama kwa jicho moja.

"Mama, lile bati umelipata wapi?"

"Bandani kwa Shaame. Yule fundi wa Wete alilitupa chini. Shaba nzima, inatupwa! Kwangu shaba haitupwi."

Tuliwatoa kuku, nao hawakupenda. Bi Mize alikuwa ameipigilia misumari kupitia matundu yale yale ya bolti, kwa hiyo haikuwa na jeraha lolote. Nilipoisugua kwa jivu na ndimu ikarudi nyekundu. Niliilaza juu ya mchoro wangu. Marehemu Faki alikuwa ameipima vizuri kuliko nilivyochora mimi. Bi Mize aliutambua wekundu ule, akasema kwamba ilikuwa kitako cha sufuria kubwa la halua la mama mkwe wake, lililopotea nyumbani mwaka ule injini ilipoungua.

"Nilimwuliza," alisema. "Akaniambia labda kalichukua paka."

Kosa moja tu lilikuwapo, na halikuwa la Faki. Shaba ikibanwa na kupata moto miaka mingi huwa ngumu, haishiki tena vizuri, na hapo maji huanza kuvuja. Dawa yake si kuitupa. Huwekwa kwenye makaa mpaka iwe nyekundu kama ua la mkomamanga, ikazimwa ndani ya maji, na hapo hurudi kuwa laini kama ngozi. Tulifanya hivyo kwa makaa ya jiko la Bi Mize. Mzee Khatib aliinyoosha juu ya ubao kwa nyundo ya mti, na kabla ya magharibi hedi ilikuwa imerudi mahali pake na bolti zimekazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda nje.

Ijumaa asubuhi tulitia maji kwenye rejeta na kungoja. Hakuna tone lililotoka. Shaame aliingia akakaa mbele ya usukani, akaupangusa kwa kiganja, hakuwasha. Nilidhani anasoma dua, labda alikuwa anasoma. Kisha HAINA NENO ilikohoa, ikatoa moshi mweusi uliojaza banda, ikakohoa tena, ikashika. Mlio ulikuwa mzito na wa kulingana. Watu walitoka majumbani. Mzee Khatib aliweka kiganja ubavuni mwa bloki, mahali palipokuwa hapana deheni, akakiondoa haraka.

"Iko uchi," alinilalamikia. "Nitaipaka tena."

"Uipake," nilimwambia. "Lakini namba uiachie dirisha."

Baada ya sala alifika bwana wa kinu na wapagazi wake, kamba na miti ya kubebea mabegani. Alisimama uwanjani akisikiliza.

"Ndiyo hiyo inayonguruma?"

"Ndiyo hiyo," Shaame alisema. "Umesumbuka bure, bwana. Lakini hurudi kwa miguu. Panda, nakupeleka Wete."

Yule bwana alitazama kamba zake, akatazama gari, mwishowe akacheka mwenyewe, akapanda. Nami nikapanda.

Kabla hatujaondoka Bi Mize alinishika mkono. "Sasa niambie, ina umri gani? Unipe jibu moja."

Nilifikiri kidogo. "Mwili ni kijana, kichwa ni mzee, na kinachovishikanisha ni cha Kiuyu."

"Kama miye na marehemu," alisema. "Kichwa kilikuwa kizee, kinakwenda kwake, miye mwili nakwenda kwangu. Tukafika." Kisha akakumbuka jambo lake. "Na kuku wangu je? Walale wazi?"

Kutoka Kiuyu hadi Wete gari lilijaa watu ambao wengi hawakuwa na safari, walitaka tu kulipanda. Ukoko uliobaki ulipopata moto, harufu ya shahamu ikatanda, na hapakuwa na aliyelalamika. Tulipofika Wete, Shaame alisimama makusudi mbele ya karakana ya yule fundi, na fundi akatoka, akainama chini ya boneti muda mrefu, akaniuliza maswali mazuri, nikamwonyesha namba. Vijana wa lori safari hii hawakuwa na mzaha tayari.

Chake Chake niliagana na Shaame, nikateremka Wesha kungoja meli. Nilikaa juu ya marobota ya bandarini nikafikiri. Kwa miaka yangu yote dukani nilikuwa nimezoea kuuliza swali moja, gari gani, mwaka gani, kana kwamba chuma huzaliwa siku moja na kubaki hivyo. Huko kwa watu, injini huishi. Hupasuka, huazima, huzibwa, na kila aliyeigusa huacha mwaka wake ndani. Kibati cha jina hakisemi uongo, ila hukisemea kile tu kilichopigiliwa juu yake. Tangu safari ile mteja akituandikia, humwomba anisomee namba ya bloki kwanza, kisha ya hedi, kisha anieleze kuna nini baina ya viwili hivyo na nani alikitia.

Unguja, tajiri wangu alifungua mkoba wangu kabla hajanisalimu vizuri.

"Haya, ni injini gani?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza, akaitoa ile gasketi ya kwanza, akairudisha kwenye rafu. Kisha akaupekua mkoba tena mpaka chini.

"Na ile iliyopindika?"

"Nimeiacha Kiuyu. Imepata mahali inapokaa sawasawa."

"Kwenye gari gani?"

"Si gari," nilisema. "Lakini abiria wake wote wametoa vichwa madirishani."